Ufunguo wa nyumba ndani ya simu

Saa nane usiku, mama mmoja wa Tabora, muuguzi aliyekuwa zamu, alichungulia simu yake. "Mlango wa Bibi: umefunguliwa." Akasubiri. Baada ya dakika chache maandishi yakabadilika yenyewe: "umefungwa." Akashusha pumzi. Mama mkwe wake, mwenye miaka themanini na kitu, alikuwa amekwenda msalani na kurudi salama.

Kazi hiyo ilifanywa na mwanawe, anayesomea kompyuta chuoni Dodoma, alipokuja likizo nyumbani Isevya. Alitumia Home Assistant, programu ya bure iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, akaiweka kwenye kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Mlangoni kwa bibi alibandika kihisi, na taa ya uani akaifungia swichi inayowashwa kwa simu. Kisha akaandika ukurasa wa Kiswahili kwa lugha ya JavaScript ili mama asihangaike.

Hakuanza na sifuri. Watengenezaji wa Home Assistant wametoa maktaba ya JavaScript, yaani msimbo uliokwisha andikwa, wa kuunganisha ukurasa na nyumba. Unaipa anwani ya nyumba na ufunguo, ambao ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ikishaunganishwa, laini hubaki wazi. Ukurasa hauulizi kila dakika "vipi huko?", nyumba yenyewe hutoa habari kitu kinapobadilika. Umeme ukikatika na kurudi, maktaba hujaribu kuunganisha tena. Ufunguo wa aina aliyoitumia hudumu miaka 10.

Kijana, kwa furaha, akaweka kazi yake yote mtandaoni wenzake waione. Usiku ule ule mmoja wao akampigia: "Umeacha ufunguo humo ndani!" Yeyote aliyeuona angeweza kuzima taa, na kujua bibi anatoka chumbani saa ngapi.

Alifuta kila kitu, lakini haikutosha, maana huenda nakala zilikwisha chukuliwa. Ilibidi aubatilishe ufunguo wenyewe ndani ya Home Assistant. Safari hii hakuandika mwingine kwenye msimbo. Mama sasa huingia kwa jina lake na nywila, jambo ambalo maktaba ile inaliruhusu.

Asubuhi alimweleza mama yake. Bibi, aliyekuwa akichambua mchicha, akainua kichwa.

"Kumbe mnahesabu safari zangu za chooni? Na mkazipeleka hadi Dodoma?"

"Tusamehe, Mama," mkwewe akasema. "Tulihofia usije ukaanguka."

"Mngeniuliza, mwanangu."

Ni kweli, hakuna aliyemuuliza.

Jumapili walikwenda naye Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita maeneo hayo, na wageni hawakukosekana. Bibi alisimama uani, akamwonyesha mjukuu kuta zilizouzunguka. "Unaona? Ukuta ni wa kumzuia aliye nje. Si wa kumchungulia aliye ndani."

Waliporudi, kijana alikitoa kihisi chumbani kwa bibi na kukihamishia mlango mkubwa wa nje. Kando ya kitanda akaweka kitufe. Bibi akikibonyeza, taa ya uani huwaka na simu ya mama hulia. Asipotaka, habonyezi. Usiku wa kwanza alikibonyeza mara mbili, mara ya pili kwa kujaribu tu, akacheka peke yake.

Mzazi ambaye mwanawe amekuja na vifaa vya namna hii asimzuie, kwani kuna faida. Lakini kabla havijawashwa, amuulize: ufunguo umeuweka wapi, nani mwingine anaona, na je, anayeangaliwa amekubali?