Mzazi anapotaka kuacha kazi akasomee nyoka

Mtu akitimiza miaka 40, akiwa na kazi ya ofisini na watoto shuleni, kisha akatangaza kwamba anataka kwenda kusomea elimu ya wanyama, tena nyoka, kenge na vinyonga, nyumba nzima hushtuka. Wapo watakaosema amerogwa. Mwenzi wake atauliza jambo moja tu: ada ya watoto atalipa nani? Ni swali la haki, na wanaohimiza watu "wafuate ndoto zao" hulipita haraka.

Mfano unaopendwa kutajwa kusini mwa Tanzania ni C.J.P. Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki aliyezaliwa mwaka 1901. Alianza kama mwanajeshi, akawa jangili wa tembo, kisha mwaka 1933 akageuka kuwa bwana nyama, akaishi Liwale na kuwa mmoja wa walioijenga hifadhi ya Selous. Nyoka alianza kuwashika akiwa bado kazini. Alipostaafu katikati ya miaka ya 1950, nyoka ndio wakawa kazi yake yote. Huko Newala alinasa koboko wa kijani juu ya miti kwa ufito mrefu wenye koleo mbele. Wanakijiji wakiona nyoka walimpelekea habari, naye alikwenda. Aliumwa mara nyingi. Nyoka wake walisafirishwa hadi makumbusho na bustani za wanyama za ng'ambo, na mtambaazi mmoja wa Liwale asiye na miguu, anayefanana na mnyoo, ana jina lake katika vitabu vya sayansi. Watu walimwita Bwana Nyoka.

Hadithi tamu, ila Ionides hakuoa. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu baba yuko mwembeni na koboko. Isitoshe, alipoacha kazi alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kuijua pori. Mhasibu au mwalimu wa historia hana akiba hiyo.

Kwa hapa nchini mlango upo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori, na Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kimekuwa kikifundisha kazi ya wanyamapori tangu 1963. Lakini aliyesoma masomo ya sanaa kidato cha tano na sita atagonga ukuta wa baiolojia na kemia kabla hata hajafikiria ada. Hiyo ni miaka, na miaka hiyo nyumba itaendeshwa na mshahara wa mtu mmoja. Na akihitimu, asitarajie tangazo la kazi ya vinyonga peke yake. Ataajiriwa, kama ataajiriwa, kwa wanyamapori kwa jumla. Si kwamba elimu hiyo haina faida. Wakulima wanaumwa na nyoka mashambani, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahaulika.

Kwa mwenye familia, anayefaa kuangaliwa zaidi ni Laurence Klauber wa San Diego, Marekani. Alizaliwa mwaka 1883, akawa mhandisi wa umeme, akaoa, akapata watoto. Alikuwa anaukaribia umri wa miaka 40 bustani ya wanyama ya mji ule ilipomwomba msaada wa kuwatambua nyoka wake. Hakuandika barua ya kuacha kazi. Aliendelea na kampuni ya umeme na gesi, akapanda hadi kuiongoza, na nyoka wakapewa muda uliobaki. Usiku aliendesha gari polepole kwenye barabara za jangwani, akiandika kila nyoka aliyemkuta. Akapima urefu, akahesabu magamba, akapiga hesabu zake kama mhandisi.

Hapo pia familia ililipa, maana saa zile zilikuwa za nyumbani. Ila walilipa kwa saa, si kwa ada, na mshahara uliingia kila mwezi. Mwaka 1956, akiwa amevuka miaka 70, Klauber alitoa kitabu cha juzuu mbili juu ya nyoka wa Marekani wanaotikisa mikia kama njuga, na wataalamu wa nyoka bado wanakitumia.