Kutafuta Bodi, Mbeya Hadi Iringa

Desemba iliyopita niliosha mkanda wa picha 36 bafuni kwangu, Soweto, Mbeya. Nilipozigeuza negativu kwenye simu, kila picha ilikuwa na nusu nyeusi. Mama yangu alikuwemo kwenye picha 11. Katika zote alikuwa na jicho moja.

Kamera ilikuwa Zenit-E ya marehemu baba, ya Krasnogorsk, enzi za Wasovieti. Shata yake ina mapazia mawili ya kitambaa: la kwanza linafungua njia ya mwanga, la pili linafuata kuifunga. Yakizeeka, la pili linalikuta la kwanza njiani, na upande mmoja wa picha haupati mwanga kabisa.

Baba alikuwa mpiga picha Iringa. Paspoti, kipaimara, harusi, hiyo ndiyo ilikuwa ada yetu ya shule. Nyumbani Kihesa kuna maboksi ya negativu za watu tusiowajua, lakini picha za mama hazifiki tano. Mganga hajigangi. Tena mama anaonekana vizuri zaidi akiwa jikoni, kwenye jiko lake la kuni lenye dirisha moja dogo, na Zenit-E haina mwendo wa polepole kuliko 1/30 ya sekunde. Ukitaka zaidi ya hapo unashikilia kitufe na kuhesabu kichwani. Baba alikuwa akimwambia, "Toka nje, huko ndani hakuna mwanga." Mama akimaliza kubadilisha kanga, mkanda umekwisha kwa wateja.

Kwa hiyo nilihitaji kamera nyingine. Lenzi ya baba, Helios 44-2 ya milimita 58, bado ilikuwa safi, haina hata ukungu ndani. Nilichohitaji ni bodi tu. Sisi wa barabara ya Tunduma neno hilo tunalijua: bodi ya Fuso ikioza, injini haitupwi.

Mzee mmoja pale Mwanjelwa, aliyewahi kuwa na studio, alikuwa anauza Nikon FM2. Aisee, niliishika nikanyamaza. Ilitoka mwaka 1982, shata yake inafika 1/4000, na betri ikifa inapoteza kipimo cha mwanga tu, mengine yote yanaendelea. Waandishi wa habari duniani kote waliibeba, na mimi ni mwandishi wa habari. Alitaka laki sita. Mfukoni nilikuwa nazo laki nne, na nilishaanza kupiga hesabu ya kukopa.

Nikamwonyesha lenzi. Akaigeuza, akatabasamu. "Hii ya skrubu, mwanangu. Pete ya kuiunganisha na Nikon ipo, lakini mlima Loleza hutauona vizuri maisha yako yote."

Akanieleza. Kila kamera ina umbali wake kati ya mdomo wa lenzi na mkanda. Zenit ni milimita 45.46, Nikon ni 46.5. Hiyo milimita moja inatosha kuzuia lenzi kuona mbali, mpaka uweke pete yenye kioo ndani, na kioo cha bei rahisi kinaharibu picha. "Tafuta Pentax," akasema. "Umbali wake ni uleule wa Zenit." Angeweza kuninyamazia, akachukua hela zangu. Nilimpa shikamoo ya pili wakati wa kuondoka.

Pentax K1000 nikaipata kupitia kundi la WhatsApp: mwalimu mstaafu, Iringa, laki tatu. Pete ya chuma ilikuja kwa basi kutoka Dar. Jumamosi nikapanda basi la alfajiri. Makambako palikuwa na ukungu, Mafinga misonobari imesimama mistari kama wanafunzi, na saa sita nikashuka stendi ya Igumbilo.

"Kamwene," mzee akanipokea, nikaitikia. Akaleta chai kwanza, kamera baadaye. Nikafungua mgongo wake, nikaielekeza dirishani, nikabonyeza mwendo mmoja baada ya mwingine, kuanzia sekunde nzima hadi 1/1000. Kwenye ile ya polepole unasikiliza: isikwame katikati kama mtu mwenye kigugumizi. Nikachungulia nyumba ya betri kama ina kutu ya kijani. Haikuwa nayo. Sponji za mlangoni zilikuwa zimeyeyuka zikawa kama lami, lakini hizo unabandua na kubandika nyingine. Sindano ya kipimo ilipanda nilipoigeuzia mwangani, ikashuka nilipoifunika kwa kiganja.

Si kamera ya kujivunia. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997 karibu bila kubadilika, na wengi waliinunua kwa ajili ya wanafunzi. Haina hata swichi ya kuzima kipimo; usipoifunika lenzi, betri inaisha. Nikalipa laki mbili na nusu. Nilipoikaza Helios pale mezani, nikachungulia na kuona mti wa jirani, kisha paa lake, kisha vilima nyuma ya mji, vyote vimekaa sawa.

Jioni nilikuwa Kihesa. Mama alikuwa anasonga ugali. Mwanga ulikuwa wa moto na wa kile kidirisha basi. Sindano ikaniambia 1/8. Nikaegemeza viwiko kwenye gunia la mahindi, nikabana pumzi.

Akaitazama kamera muda mrefu. "Hiyo si ya baba yako."

"Bodi siyo, mama. Kioo ni chake."

Akaacha mwiko. Akajifunga kanga upya, akajipangusa jivu shavuni, akatazama moja kwa moja kwenye lenzi kwa namna ambayo sijawahi kumwona akinitazama.

"Haya, piga basi," akasema. "Ugali unaungua."

Kwenye picha mkono wake umetikisika kidogo. Macho yapo yote mawili.