Pete Kumi na Moja

Pete ya kwanza niliipata Gikomba, ndani ya mfuko wa koti la sufu lililotoka Marekani. Koti lilikuwa mia nne. Mwenye kibanda aliponiona ninaijaribu kidoleni alicheka, akasema, "Hiyo beba tu dada, ni plastiki." Nikatoka nayo juani. Juu ya kile kijiwe chekundu, kilichovimba kama nusu ya haragwe, pakatokea nyota ya miali sita. Nikainamisha mkono, nyota ikateleza juu ya jiwe, ikilifuata jua.

Sasa ninazo kumi na moja, ndani ya kopo la biskuti.

Watu huniuliza nyota iliingiaje mle. Huwa nawaambia haimo. Ndani ya yakuti nyekundu mna nyuzi nyembamba mno za madini mengine, rutili, zimelala kwa mielekeo mitatu. Mwanga ukizigonga hurudi kama mistari mitatu inayokatana. Ndiyo maana jiwe la nyota halichongwi pembepembe kama almasi, husuguliwa likawa na kichwa cha mviringo. Na linataka mwanga unaotoka mahali pamoja: jua, mshumaa, tochi ya simu. Chini ya zile taa ndefu nyeupe za madukani nyota haionekani, kwa hivyo wauzaji wengi hawajui wanauza nini. Ujinga huo nimeufaidi sana, sitasema uongo.

Mbili kati ya zangu ni vioo tu. Nane ni za kiwandani. Mwaka 1947 kampuni ya Linde ya Marekani ilianza kuuza mawe ya nyota ya kutengenezwa, na yakaingia kwenye pete za watu wa kawaida kule. Ukiyapima ni yakuti kweli. Lakini nyota yake imenyooka mno, imekaa katikati kabisa, na mengi yana herufi L ndogo upande wa chini. Jiwe la ardhini lina walakini: mwali mmoja mfupi, nyota imeegemea kando, na chini limeachwa na kinundu ili uzito usipungue. Sisi tunaokusanya hutafuta walakini.

Baba alichimba yakuti miaka kumi na tatu kule Mangare, Taita-Taveta, ambako vito hivi viligunduliwa mwaka 1973. Alichimba kwenye mashimo ya wenyewe. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi jekundu masikioni, mama anamchemshia maji, anaoga mara mbili na shuka bado inachafuka. Jiwe hakurudi nalo hata moja. Jioni walikaguliwa hadi kwenye soksi.

Mwezi wa tatu mwaka jana kaka alinipigia simu. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, tuchange elfu thelathini kila mtu. Wiki hiyohiyo sonara mmoja wa Mombasa alikuwa amenitumia picha ya pete ya zamani ya dhahabu, nyota yake imepinda, mwali mmoja haufiki ukingoni. Elfu arobaini na mbili. Nililala na ile picha siku tatu. Nikamwambia kaka, "Hali ni ngumu, si tungoje kidogo?" Nikamtumia sonara pesa.

Kidogo hicho kikawa miezi minane. Nikipiga simu, baba hakulalamika. Alisema tu usiku kila taa imeota miiba, na kwamba ameacha kwenda msikitini alfajiri kwa sababu ya mtaro.

Alifanyiwa upasuaji mwezi wa kumi na moja. Desemba nilienda Voi na kopo langu, maana kaka alikuwa amemwambia nakusanya yakuti na mzee alitaka kuziona. Tulikaa uani. Akazipanga kwenye sinia, akaichukua moja moja na kuisogeza juani, kimya, kwa vidole ambavyo bado vinajua kazi. Vioo viwili alivitupa kando bila kuniuliza. Ile ya dhahabu aliigeuza, akapapasa kinundu chake, akaguna. "Hii ni ya udongo." Akairudisha.

Kisha akachukua ile ya Gikomba, ya bure, yenye L. Akaicheza juani muda mrefu, nyota ikienda na kurudi.

"Hii ndiyo nzuri," akasema. "Imekamilika." Akaivaa kwenye kidole cha mwisho, ikaingia kwa shida.

Sikumwambia ni ya mashine. Kaka alikuwa ameishika ile ya dhahabu, anaipima uzito kiganjani.

"Na hii," akaniuliza, "ulinunua lini?"

Baba naye akainua macho yake mapya, akanitazama.

"Mwezi wa tatu," nikasema.