Kitenzi Kilichonivua Nguo

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili niliyedhani kwamba naijua lugha yangu, nilifunzwa maana ya kitenzi kimoja na mama anayefagia kumbi zetu za mihadhara.

Marafiki zangu wawili wanaosomea kompyuta walikuwa wameunda chombo cha sanaa kinachogeuza miondoko ya mwili kuwa sauti na picha. Wazo lenyewe si geni. Mnamo mwaka wa 1920 Mrusi Leon Theremin alibuni ala inayolia bila kuguswa, mikono ikipita tu karibu na antena zake. Mwaka wa 1965, katika onyesho la Variations V la John Cage na Merce Cunningham, wachezaji walichochea sauti kwa miondoko yao. Chombo cha wenzangu kilitumia kamera moja. Kompyuta ililinganisha kila picha na iliyoitangulia. Palipobadilika, rangi zilichanua ukutani na spika zikalia.

Niliombwa niandike maelekezo. Nikaandika kwa herufi kubwa: "Sogea, nawe usikie." Niliipenda sentensi hiyo kwa ufupi wake.

Siku ya majaribio tuliwaalika watu 5, kwani mwaka wa 2000 mtaalamu Jakob Nielsen aliandika kwamba idadi hiyo yatosha kufichua kasoro nyingi. Sharti lilikuwa moja: kinachojaribiwa ni chombo, si mtu, basi mtumiaji asisaidiwe.

Mama aliingia wa kwanza. Akasoma, kisha akajivuta kando hadi pembeni kabisa, kamera isikomfikia. Kimya kikatanda.

"Samahani mwanangu," akaniambia, "kumbe nilikuwa nimewazibia?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini sharti lilinifunga ulimi. Alisubiri kwa adabu, macho yake yakienda kwenye bango na kurudi kwangu. Hatimaye akauchukua ufagio wake. "Mnisamehe. Mimi sikusoma sana."

Maneno hayo yalinichoma. Wawili kati ya wanne waliomfuata walifanya kosa lilo hilo, mmoja akiukaribia ukuta hata pua ikataka kuugusa. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba halikuwa kosa lao. Kusogea ni kuhama mahali: umpishe mtu au umkaribie. Nilikuwa nimefikiri kwa Kiingereza, nikaandika kwa Kiswahili. Nao, kwa kukijua Kiswahili, walitenda hasa nilichowaambia.

Nililichana bango, nikaandika: "Punga mikono." Kisha nikamfuata mama ukumbini alikokuwa akifagia.

"Mama, aliyekosea ni mimi. Maneno yangu ndiyo yaliyokupotosha. Tafadhali njoo utusaidie tena."

Alikuja kwa kusitasita. Akasoma, akapunga mkono mmoja kama anayemuaga msafiri. Ukuta ukawaka, spika zikaitika. Akaguta, akacheka, akapunga yote miwili, ufagio umelala sakafuni.

Wapenzi wasomaji, sisi tunaosomea lugha hii huwa wepesi wa kumsahihisha msemaji wa kawaida. Sentensi yangu haikuwa na dosari ya sarufi, wala mhadhiri yeyote asingeitia wino mwekundu. Hata hivyo ilimfukuza mtu, tena ikamwachia aibu isiyo yake. Tangu siku hiyo, kila niandikapo jambo la kutumiwa na watu, humpa mmoja wao alisome mbele yangu, nami nikanyamaza.