Kwa Mpwa Wangu Anayeandika Tamthilia

Mpendwa mpwa wangu,

Hongera kwa mswada wako wa kwanza kupokelewa. Mama yako ameniambia kwamba mwalimu wako mkubwa ni Aaron Sorkin, yule mwandishi wa Marekani. Umechagua fundi kweli. Ila mfuatilie mpaka mwisho, maana namna ladha yake ilivyowachosha watu ina mafunzo kuliko namna alivyopata sifa.

Mwaka 1999 Sorkin alianzisha The West Wing katika televisheni ya NBC, tamthilia ya maisha ya Ikulu ya Marekani. Wahusika walikatiza korido kwa kasi, mafaili mkononi, wakijibizana bila kuvuta pumzi huku kamera ikiwafuata. Watazamaji walivutwa mno. Tuzo ya Emmy ya tamthilia bora The West Wing iliichukua miaka minne mfululizo, 2000 hadi 2003. Kasi ile ilikuwa na sababu: wahusika wale waliamua mambo ya vita, bajeti na uhai wa raia, na muda haukuwasubiri.

Tena Sorkin wa siku zile alijua kutulia. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa pili, mwaka 2001, Rais Bartlet anabaki peke yake kanisani baada ya mazishi ya katibu muhtasi wake. Anamlaumu Mungu, mpaka anaingia katika Kilatini. Anawasha sigara, anaidondosha sakafuni, anaikanyaga. Hakuna wa kumjibu.

Sorkin aliiacha tamthilia hiyo mwaka 2003. Mwaka 2006 akarudi NBC na Studio 60 on the Sunset Strip, kuhusu watengenezaji wa kipindi cha vichekesho Los Angeles. Korido zilikuwa zilezile, na hotuba zenye uzito wa taifa zilezile, ila sasa kilichobishaniwa ni kichekesho cha Ijumaa usiku. Vazi lilimpwaya mvaaji. Vichekesho vyenyewe havikuchekesha, ilhali waliovitunga walisifiwa humo ndani kama vipaji adimu. Ilifutwa baada ya msimu mmoja. Mwaka huohuo wa 2006, katika kituo hichohicho, Tina Fey alianzisha 30 Rock yenye mazingira ya namna hiyohiyo, akiyachukulia kwa mzaha. Yake ilidumu misimu saba.

Kisha ikaja The Newsroom ya HBO, mwaka 2012. Sehemu ya kwanza inarudi Aprili 2010, mtambo wa mafuta ulipolipuka Ghuba ya Mexico. Wanahabari wa Sorkin wanaupata ukweli jioni ileile, kwa sababu mmoja wao ana dada Halliburton na rafiki BP, kampuni zilizohusika na mtambo huo. Wahusika walipewa busara ambayo mwandishi aliipata baada ya miaka miwili, halafu wakaitumia kuwahubiria wengine. Mtazamaji aliyeishi siku zile alihisi anakaripiwa.

Mwaka huohuo wa 2012 ilienea video iliyounganisha sentensi ambazo Sorkin alizirudia kutoka kazi moja hadi nyingine. Mwanasheria, mtangazaji wa michezo, msaidizi wa Rais: wote walisema kwa kinywa kimoja.

Lakini usidhani kipaji kilikauka. Filamu ya The Social Network ya mwaka 2010 ilimpa tuzo ya Oscar, kwa mazungumzo ya kasi ileile. Tofauti ni kwamba humo ulimi mwepesi wa Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, unaumiza watu na kumpotezea rafiki. Kasi ilipata kazi ya kufanya, na ikawa na gharama.

Kwa hiyo, mpwa wangu, kabla hujapeleka mswada wa pili, funika majina ya wahusika usome maneno yao tu. Ukishindwa kumtambua anayesema, andika upya. Mpinzani wa shujaa wako mpe hoja ambayo wewe mwenyewe inakutoa jasho kuijibu. Na kaa kituo cha daladala usikilize watu wanavyokatizana, wanavyosita, wanavyoficha jambo. Ukimaliza, niletee nisome.

Wako akupendaye,
Mjomba