Vijana wa Ngong

Hapa Masafu wananiita Mzee Farasi. Watoto hulitamka jina hilo kwa kicheko, maana ukitoka Majanji ziwani ukapanda mpaka Busitema kwenye lami, hutakutana na farasi hata mmoja. Utakutana na ng'ombe, mbuzi, kuku waliofungwa miguu wakaning'inizwa kwenye mpini wa pikipiki, na siku za soko labda punda mmoja wawili wa wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya Kenya. Farasi wangu wote niliwaacha Nairobi, na kusema kweli hawakuwa wangu.

Farasi wa kwanza niliowaona walikuwa wanazama. Ilikuwa picha ya Biblia ya watoto, jeshi la Farao limefunikwa na Bahari ya Shamu, vichwa vya farasi vimechomoza juu ya mawimbi macho yamewatoka. Niliwasikitikia farasi kuliko Farao. Nikamwuliza kuka, babu yangu, kwa nini sisi hatufugi wanyama wale. Tulikuwa vichakani kandokando ya mto Sio tukitafuta ndama aliyepotea. Hakunijibu papo hapo. Alijipiga kofi shingoni, akafungua kiganja: inzi wa kahawia, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa.

"Mwulize huyu," akasema. "Huyu ndiye mwenye nchi."

Kwetu mbung'o hakuwa somo la darasani. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa, upande wa Busoga na visiwa vyake, na wazee wetu walizihesabu familia zilizohama wakati ule kama mtu anavyohesabu meno yaliyong'oka. Kisha ugonjwa ukarudi mimi nikiwa kijana. Miaka ya 1980 ulitambaa kutoka Busoga ukafika Tororo, ambako sisi tulihesabiwa bado; Busia ilikuwa haijawa wilaya, hilo lilikuja 1997. Tukaletewa mitego ya kitambaa cha bluu na cheusi, ikatundikwa vichakani karibu na visima, kwa sababu mbung'o huvutwa na bluu. Mbung'o walinaswa kweli, lakini vitambaa navyo vilipotea, na wiki mbili baadaye ungekutana na kaptula ya bluu inakimbia njiani kwenda shule.

Kwa mifugo ugonjwa huo huitwa nagana. Ng'ombe hukonda taratibu, akakuacha na muda wa kutafuta dawa au mnunuzi. Farasi hana subira hiyo. Watafiti wa ugonjwa huo walijenga kituo chao Sukulu, pale Tororo, tangu enzi za ukoloni: kazi yao ilikuwa inaruka mlangoni. Nami, mtoto wa nchi ya mbung'o, nikaishia kuwa saisi, mtunza farasi.

Niliondoka Januari 1988. Mpaka ulikuwa ndiyo kwanza unatulia baada ya risasi za Desemba 1987 kati ya askari wa Uganda na polisi wa Kenya, na watu wa Busia walikuwa wanavuka wakiangalia nyuma. Boda boda wakati huo ilikuwa baiskeli, kiti cha sponji nyuma, mwenyewe akiita "boda! boda!" kati ya kizuizi kimoja na kingine. Mjomba wangu alinisubiri upande wa pili. Alikuwa saisi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong tangu zamani na aliahidi kuniombea kazi. Tuliposhuka basi Nairobi alfajiri, tulipita barabara iliyoandikwa Racecourse Road, nami nikaanza kugeuza shingo kutafuta farasi. Mjomba alicheka mpaka akasimama. Farasi walishahama huku tangu 1954, akasema, wakaenda Ngong Road, ila jina walilisahau.

Mabanda ya uwanja wa Ngong nilianza kuyasikia kwa pua: nyasi kavu, jasho, pumba zilizoloweshwa maji moto, mkojo, mafuta ya ngozi ya matandiko. Mpaka leo nikisikia harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta, miguu yangu hutaka kuamka saa kumi alfajiri.

Saisi mkuu alikuwa mzee wa Kikipsigis asiyependa maneno. Alianza kazi wakati mabanda bado yanamzungumzia Beryl Markham, ambaye alikuwa na nyumba mlemle uwanjani na alifariki 1986, mwaka mmoja na ushei kabla sijafika. Dunia inamkumbuka kwa ndege, kwa kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi Septemba 1936. Masaisi wazee hawakuijali sana hiyo ndege. Waliyohesabu wao ni Derby sita alizoshinda akiwa mfunzaji, na habari za arap Ruta, aliyekua naye Njoro tangu utotoni kisha akaja kushika farasi pamoja naye. Jina la arap Ruta lilitajwa pale mabandani kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake. Nilikuwa mgeni, lakini nilielewa: palikuwa na heshima ya kazi hii ambayo haikuandikwa kwenye ubao wa washindi.

Kila mwaka walikuja vijana. Hivyo ndivyo tulivyowaita farasi wapya walioshushwa kwenye malori kutoka mashamba ya Molo, Naivasha na Gilgil, wana umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, miguu mirefu, hawajui chochote isipokuwa nyasi na mama zao. Wakifika miaka miwili wataonja mbio fupi. Wakifika mitatu ndipo itajulikana nani ni nani, maana mbio kubwa za msimu ni za umri huo: Guineas mita 1600, Oaks ya majike, Derby mita 2400, kisha St Leger. Farasi hupewa nafasi moja tu ya kuwa na miaka mitatu. Akiikosa Derby yake, hakuna ya mwakani.

Watu hudhani kijana hufundishwa kukimbia. Kukimbia amezaliwa nako. Miezi yote ile tulimfundisha kusimama. Kwanza asimame ukimgusa masikio. Halafu lijamu mdomoni, ile yenye vipande vidogo vya chuma vinavyocheza ulimini, ambayo ataitafuna siku nzima kama mtoto aliyepewa pipi ngumu. Kisha kamba ndefu, anazunguka wewe ukiwa katikati. Kisha mkanda wa tumbo, na hapo ndipo wengine huruka hadi kwato nne zikawa hewani. Tandiko. Halafu siku moja mtu mwepesi analala kifudifudi juu ya mgongo wake kama gunia la mahindi, hasemi neno. Kamusi za pwani zina maneno mazuri ya mwendo wa farasi, shoti na mengineyo. Sisi tulisema troti na kanta, na gesi ikifunguliwa kabisa tulisema "ameachiliwa". Mwisho kabisa geti la kuanzia mbio: chumba cha chuma, milango mbele na nyuma, upana wa mwili wake tu. Kilo mia nne na hamsini za woga zisimame humo zikipumua, zisubiri kengele.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, miguu. Saisi mkuu alinishika kiganja siku ya pili akakipitisha kwenye mguu wa mbele wa farasi, kutoka gotini kushuka mpaka kifundoni, mbele kwenye muundi na nyuma kwenye kano. "Sikiliza," akasema. Nilitega sikio. Akanipiga kikofi kisogoni. Ilikuwa ni kusikiliza kwa kiganja. Mguu mzima ni wa baridi, kama shingo ya mtungi asubuhi. Joto likitokea mahali padogo, ukubwa wa sarafu, hiyo ni habari.

Mwaka 1994 nilikabidhiwa kijana wa rangi ya kahawia ambaye tulimwita Magendo, kwa sababu alikuwa hodari wa kuiba pumba kwenye ndoo ya jirani, na kwa sababu mshikaji wake alitoka Busia. Kwenye karatasi alikuwa na jina la kizungu lenye maneno matatu. Sijawahi kushika mnyama kama yule. Alikuwa anajifunza jambo kwa siku moja ambalo wenzake walihitaji wiki. Alishinda mbio yake ya kwanza, akashinda ya pili, na trena wetu akaanza kutamka neno Guineas, mtu ambaye kwa kawaida hakutamka jambo kabla halijatokea. Niliandika barua nyumbani. Kuka alisomewa akauliza kama yule mnyama ameshaumwa na inzi.

Wiki tatu kabla ya Guineas nilipitisha kiganja kwenye mguu wa mbele wa kushoto nikakuta joto. Padogo, kwenye muundi, kama kikombe kilichotoka kunywewa chai. Nilijua ni nini. Mifupa ya vijana haijakomaa. Ikipigishwa kasi ardhini kila siku hujijenga upya, lakini ukiiharakisha hupasuka nyufa ndogo zisizoonekana. Dawa yake ni mapumziko, wiki nyingi. Wiki hatukuwa nazo. Nilichukua mpira wa maji nikaumwagilia ule mguu nusu saa nzima gizani, mpaka trena alipopita na kuugusa, ukawa wa baridi kama mingine mitatu.

Alikimbizwa asubuhi ile. Na ya pili. Ya tatu alirudi anatikisa kichwa kila mguu ule unapogusa chini.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Daktari wa mifugo alipiga picha, akaonyesha kidole. Saisi mkuu aliniuliza swali moja tu, "Ulikuwa unamficha nani?", akaenda zake kugawa nyasi. Magendo alirudishwa shambani miezi tisa. Aliporudi alikuwa farasi wa kawaida, mwaminifu, wa nafasi ya nne au ya tano, na Derby ya umri wake ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Niliendelea kumsugua kila asubuhi. Aliendelea kuiba pumba.

Baada ya hapo nilibaki miaka kama ishirini, na kilichobadilika kilibadilika polepole hata usingeweza kusema ni Jumapili ipi ya mbio. Wapanda farasi niliowakuta walikuwa wengi wao wageni. Kufikia miaka ya 2000 watazamaji walikuwa wanapiga kelele za Patrick Mungai na James Muhindi, na za Lesley Sercombe, mwanamke aliyewaachia vumbi wanaume wengi. Hilo lilinifurahisha kuliko dau lolote. Lakini malori ya vijana yakapungua. Shamba moja linauzwa viwanja, mwenye lingine amezeeka na watoto wake wako Uingereza. Mabanda yaliyokuwa yanagombewa yakawa stoo. Ndani ya uwanja watu wakapiga gofu, magari ya kale yakaja kuoneshwa kwenye Concours d'Elegance, usiku wa tamasha spika zikatikisa mabati mpaka farasi wakashindwa kulala. Pembeni ikapita Southern Bypass. Siwalaumu, nyasi hula fedha. Na dau nalo likahama. Zamani mtu alikuja Jumapili na shilingi mia yake, akawatazama farasi wakizungushwa, akasema yule ana makalio mazuri. Kampuni ya kubeti ya SportPesa ilipoanza 2014, mtu yuleyule alibaki Kibera amekaa, anaweka dau kwa timu ya Ubelgiji asiyoweza kuitamka.

Mwaka wangu wa mwisho kwenye banda letu walishuka vijana wanne. Nilipofika 1988 sikuweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono yote miwili. Saisi mkuu alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Kericho. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga wavulana kikofi kisogoni.

Nilirudi Masafu 2016. Mitego ya bluu sikuikuta. Vichaka vingi vya mto vimekuwa mashamba, na ng'ombe hunyunyiziwa dawa, ingawa mbung'o bado wapo ukiwatafuta. Baiskeli za boda zimegeuka pikipiki. Michezo yote Kenya iliposimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona nilikuwa hapa, nikawaza vijana wa mwaka ule wenye miaka mitatu, ambao hakuna aliyeweza kuwaeleza kwa nini mageti hayafunguki.

Mpwa wangu ana pikipiki na simu kubwa. Mwaka huu alikuja jioni akaniita, "Mjomba, njoo uone watu wako," akanionyesha video ya Derby. Ukubwa wa kiganja tu. Wanazungushwa kabla ya mbio, ngozi zinang'aa, wavulana wameshika vigwe wakiwa wamevaa vizuri kuliko tulivyovaa sisi. Yeye alikuwa anasubiri mbio zianze. Mimi nilimwona wa tano, jike jeusi, kichwa kinashuka kidogo kila hatua ya pili.

"Rudisha nyuma," nikamwambia.

"Bado hawajaanza, mjomba."

"Najua. Rudisha. Mguu wa mbele wa kushoto."