Maji Yapitayo Juba: Safari ya Mweya, Kando ya Ziwa Edward

Mtaa wa Hai Cinema mjini Juba hauko mbali na ukingo wa Mto Nile. Neno hai hapo ni la Kiarabu, nalo maana yake ni mtaa. Basi jina lote ni Mtaa wa Sinema. Lakini wamo mjini Juba wasemao Kiswahili wengi, wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya, na wenyeji waliokulia ukimbizini katika nchi hizo, ambao masikioni mwao neno hilo lina maana ya pili, yaani kitu chenye uhai. Jioni, jua linapopungua ukali, watu hupenda kukaa kando ya mto wakinywa chai na kula samaki wa kukaanga, huku maji mapana ya rangi ya udongo yakipita mbele yao kuelekea kaskazini.

Maji hayo yatoka wapi? Sehemu yake hutoka Ziwa Viktoria kwa njia ya Jinja. Sehemu nyingine hutoka magharibi mwa Uganda, chini ya Milima ya Rwenzori. Maji ya Ziwa George hupita katika Mfereji wa Kazinga na kuingia Ziwa Edward. Kutoka huko huteremka kwa Mto Semliki, upande wa Kongo, hadi Ziwa Albert. Na kutoka Ziwa Albert hushika mwendo wa kaskazini, yakapita Nimule penye mpaka, kisha maporomoko ya Fula, hata yakafika Juba. Pale mfereji unapokutana na Ziwa Edward pana rasi iitwayo Mweya, na juu ya rasi hiyo imejengwa hoteli ya wageni. Makala haya yanamwalika msomaji ayafuate maji hayo kinyume cha mkondo wake, aone maisha ya mahali hapo, kisha atafakari utulivu wa mahali hapo umelindwa kwa gharama gani.

NJIANI

Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya Sudan Kusini kupata uhuru. Kabla ya kuondoka yampasa msafiri kuuliza habari za usalama wa njia hiyo, kwani imepata kuwa na siku mbaya. Baada ya mpaka huja Gulu, kisha daraja la Karuma, halafu Masindi, Hoima, Fort Portal na Kasese. Hii si safari ya siku moja. Mwenye watoto afadhali alale Gulu, na tena Fort Portal, kuliko kuwafikisha wamechoka na kuumwa.

Baada ya Kasese barabara huvuka mstari wa Ikweta, na alama yake imejengwa kando ya njia. Mtoto wa Juba aliyezaliwa kaskazini mwa mstari huo huweza kusimama mguu mmoja huku na mmoja kule. Toka hapo nchi hufunguka, miti hupungua, na msafiri huingia katika hifadhi ambayo ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake ya mwaka 1954. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,978.

SIKU MOJA MWEYA

Maisha ya hoteli ya porini hayafanani na ya hoteli ya mjini. Huku saa haziendeshwi na ofisi, bali na jua na wanyama. Mgeni huamshwa kabla ya mapambazuko, hunywa chai haraka, naye akiisha kupanda gari huelekea mbuga za Kasenyi, upande wa Ziwa George. Huko swala waitwao kob hukusanyika kwa mamia. Madume husimama kila mmoja katika kiwanja chake kidogo na kukilinda kwa pembe, wakingoja majike wapite wachague. Swala huyu ndiye aliyechorwa katika nembo ya taifa la Uganda, akikabiliana na korongo mwenye taji. Simba wanajua vema palipo na swala wengi, kwa hiyo dereva mwenye uzoefu huwatazama swala kwanza: wakisimama wote wakitazama upande mmoja, basi huko kuna jambo.

Saa nne wageni hurudi kula. Mchana ni wakati wa kupumzika, nao huwa na mafunzo yake, kwa sababu wanyama wengine huishi pale pale uani. Ngiri hupiga magoti ya mbele na kula majani mafupi kama mtu apaliliaye bustani. Makundi ya nguchiro wenye milia hupita mbio wakifukua wadudu. Hapo Mweya wataalamu wamewafuatilia nguchiro hao kwa miaka mingi, wakajifunza jinsi kundi zima linavyosaidiana kulea watoto. Mama yeyote aliyepata kuachiwa watoto wa jirani atalielewa somo hilo.

Alasiri ndiyo saa ya mashua. Safari ya Mfereji wa Kazinga huchukua muda wa saa mbili hivi, na kwa wageni wengi ndiyo kilele cha ziara yote. Mashua huenda polepole karibu na ukingo. Viboko hulala majini wamebanana, macho na masikio tu yakionekana. Nyati wazee waliotengwa na makundi yao hukaa kwenye matope ubavuni mwao. Tembo hushuka kunywa, na wadogo husukumwa katikati ya miguu ya mama zao. Mdiria husimama hewani akipiga mabawa, kisha hujitupa majini kama jiwe. Wako pia wari, minandi, furukombe na mamba. Aina za ndege zilizoandikwa katika hifadhi hii hupita 600, idadi ambayo nchi nyingi nzima hazina.

Kwenye mdomo wa mfereji, penye ziwa lenyewe, huonekana kijiji cha wavuvi na mitumbwi yao. Jambo hili huwashangaza wageni, maana hudhani hifadhi ni mahali pasipo watu. Hapa watu walikuwapo kabla ya hifadhi, na vijiji kadhaa vya wavuvi vimo ndani yake hadi leo. Karibu na hapo ndipo Katwe, kwenye ziwa la chumvi lililomo katika shimo la volkano ya kale. Wanaume na wanawake wa Katwe huvuna chumvi kwa mikono, wamesimama majini juani kutwa, nayo ni kazi ya vizazi vingi. Mgeni aliyekula ngege wa kukaanga mezani (samaki ambaye watu wa Mwanza humwita sato) yafaa akumbuke mikono iliyomvua, na mikono iliyoivuna chumvi.

Usiku viboko hutoka majini kuja kula majani hadi karibu na milango. Ndiyo maana baada ya giza mgeni hatembei peke yake kutoka chumba cha kulia hadi mahali pa kulala, bali husindikizwa na mlinzi mwenye tochi. Wengine huona ni adha. Lakini katika sheria zote za mahali hapo, hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi mahali penyewe: mgeni hulala kwa sababu kuna mtu asiyelala.

MAMBO YA KUZINGATIA KWA FAMILIA

Kwanza, hati za kusafiria za kila mmoja, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na raia wa Jumuiya hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa mbali. Lakini lazima aonyeshe kitambulisho.

Pili, malazi. Hoteli yenyewe ni ya gharama. Familia ya mshahara wa kawaida iulize mamlaka ya wanyamapori ya Uganda kuhusu malazi yake ya bei nafuu pale pale Mweya, au itafute nyumba za wageni za Kasese na kuingia hifadhini kwa siku moja.

Tatu, mavazi. Jioni kuna baridi kidogo na mbu, hivyo chukueni nguo za mikono mirefu. Epukeni rangi ya buluu na nyeusi, ambazo huvuta mbung'o. Nguo zenye mabaka ya kijeshi zisivaliwe kabisa, hata na mtoto, kwani nchini Uganda raia hakuruhusiwa kuzivaa, na askari wa nchi nyingine naye husafiri kama raia.

Nne, watoto wasikaribie maji bila mtu mzima, wala wasiwatupie ngiri na nguchiro chakula. Mnyama aliyezoea kulishwa hugeuka mwizi, na mwizi huyo mwishowe huuma.

BUNDUKI NA TEMBO

Utulivu huu haukuwapo siku zote. Katika miaka ya 1960 tembo wa hifadhi hii walihesabiwa kwa maelfu. Ukaja utawala wa kijeshi wa Idi Amin, mwaka 1971 hadi 1979, ambapo hata Ziwa Edward lilipewa jina lake. Zikaja vita na ghasia zilizofuata. Pembe zikawa fedha, nyama ikawa posho, na waliowapiga wanyama hao mara nyingi walikuwa watu waliopewa bunduki ili walinde. Hesabu ya mwaka 1980 iliwakuta tembo 150 hivi tu. Watalii walitoweka, na pamoja nao mishahara ya wapishi, wapagazi na madereva.

Sheria iliporudi, tembo walirudi, wengine wakivuka kutoka Kongo, hata mwanzoni mwa karne hii wakapita elfu mbili. Sehemu ya mapato nayo imewekewa utaratibu: asilimia 20 ya viingilio hurudishwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo amani si kitu cha kujenga mara moja na kusahau. Tarehe 17 Oktoba 2023 wageni wawili waliokuwa fungateni, na Mganda aliyekuwa akiwaongoza, waliuawa na waasi ndani ya hifadhi hii. Doria ziliongezwa, na wageni hawakukoma kuja. Lakini familia tatu zilipoteza wapendwa wao, na kila askari anayesimama zamu huko anajua sababu ya kusimama kwake.

NA SISI JE?

Habari hizi zinamhusu sana mkazi wa Hai Cinema. Nchi yake ina Hifadhi ya Nimule, iliyotangazwa mwaka 1954, ambako tembo hunywa maji yale yale ya Nile. Ina kinamasi cha Sudd, kilichoorodheshwa mwaka 2006 miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Katika Boma na Badingilo wako kob wa masikio meupe, ndugu wa wale wa Kasenyi. Hesabu ya kutoka angani iliyotangazwa mwaka 2024 ilikadiria kwamba wanyama wa jamii ya swala wanaohamahama katika nchi hiyo hufikia milioni sita, msafara mkubwa kuliko wowote unaojulikana duniani wa wanyama wa nchi kavu.

Wanyama wapo, basi, na maji yapo. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, wengi waliokuwa wapiganaji waliingizwa katika jeshi la wanyamapori la Sudan Kusini. Mikononi mwa watu kama hao, na mikononi mwa wenzao wa jeshi na polisi kote Afrika Mashariki, ndimo ilimo tofauti baina ya Mweya ya mwaka 1980 na Mweya ya leo. Bunduki ni ile ile. Kilichobadilika ni nidhamu ya aishikaye na mshahara unaomfikia kwa wakati.

Askari anayerudi likizo na kuwachukua wanawe kwenda kumwona tembo hafanyi anasa. Anawaonyesha kazi yake ni ya nini. Na watoto hao, wakisharudi Juba na kukaa tena kando ya mto, wataweza kuwaeleza wenzao maji yale yametoka wapi, yamepita wapi, na nani amekesha yakipita.